Maswali Yenu: Saa ya Kamanda na Saa ya Askari

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: kwa nini jeshi moja hugeuka upesi na jingine hukwama, ilhali yote mawili yana saa zile zile 24 kwa siku? Tumechagua sita. Saa zilizoandikwa kwa tarakimu nne ni saa za kijeshi, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo 0730 ni saa moja na nusu asubuhi.

Wahariri, salaam. Hapa Tanga tumekua tukiambiwa kwamba mwaka 1914 Waingereza walishindwa na nyuki. Mjukuu wangu anayesoma historia ameniuliza kama ni kweli, nikakosa jibu. (Msomaji, Tanga)

Mzee wetu, shikamoo. Nyuki walikuwepo, lakini waliwauma wa pande zote mbili, na walipotoka kwenye mizinga yao vita vya Waingereza vilikuwa vimekwisha kuharibika. Kilichowaangusha ni siku mbili na zaidi walizompa adui bila kukusudia.

Mpe mjukuu hesabu hii. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya HMS Fox iliingia bandarini peke yake. Nahodha wake, Caulfeild, alitaka kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya Agosti ya kutoushambulia mji yamevunjwa. Akampa mkuu wa wilaya, Auracher, saa moja tu ashushe bendera. Auracher akaondoka asirudi, na habari zikampata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa waya. Nahodha akangoja, kisha akarudi baharini kuuleta msafara wa meli, na muda mwingine ukaliwa na kusaka mabomu ya majini ambayo hayakuwepo. Askari wa kwanza walikanyaga nchi kavu usiku, mashariki ya mji. Asubuhi ya tarehe 3 walijaribu kuingia mjini wakarudishwa. Jenerali Aitken akaona heri angoje kikosi chake chote, karibu watu 8,000, kishuke melini. Shambulio kubwa likaja mchana wa tarehe 4.

Lettow-Vorbeck alikuwa upande wa Moshi, mwisho wa reli ya takriban kilomita 350. Hakungoja picha kamili ya hali. Alipakia kombania kwenye treni moja moja, na mwishowe alikuwa na watu kama 1,000. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipita mitaani kwa baiskeli akakuta mji mtupu: watu wake walikuwa wamerudi nyuma, magharibi ya mji, na Waingereza waliolala karibu hawakujua, maana hawakupeleka doria kutazama. Mji waliotoka India kuja kuutwaa ulikuwa wazi usiku kucha.

Kwa Aitken wakati ulikuwa foleni: hatua ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze. Kwa mpinzani wake kila saa ilikuwa na watu ndani yake. Treni moja zaidi ni kombania moja zaidi mstarini. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakaacha nyuma bombomu (bunduki za rashasha) 16, mamia ya bunduki za kawaida na risasi takriban 600,000, na Wajerumani wakazitumia dhidi yao baadaye.

Ninaishi Goma. Katika miaka hii tumeona majeshi ya nchi nyingi, na wengi wa askari wanazungumza Kiswahili. Je, saa yetu ya Kiswahili haiwaletei matatizo? Mtu akisema "tukutane saa mbili" anamaanisha ipi? (Msomaji, Goma)

Inaleta matatizo, na ndiyo maana ofisa makini hatamki saa ya Kiswahili ndani ya amri. "Saa mbili" kwetu ni 0800 au 2000. Aliyejifunza saa kwa Kiingereza au Kifaransa anaweza kusikia 0200. Makosa ya saa sita ni makubwa mno hivi kwamba mara nyingi hugunduliwa mapema. Hatari zaidi ni makosa ya saa moja, kwa sababu yanafanana na ukweli.

Tazama kwenu. Goma inafuata saa iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilichokuja Kivu mwaka 2022 na kuondoka mwishoni mwa 2023 kilikuwa na Wakenya na Waganda, ambao kwao saa zimetangulia kwa tatu, pamoja na Warundi na Wasudani Kusini, ambao kwao ni mbili. Kikosi cha SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, kilichofuata kilikuwa na Waafrika Kusini na Wamalawi wa saa mbili, na Watanzania wa saa tatu. Makao makuu ya Kinshasa, Pretoria na Dodoma yakipiga simu siku hiyo hiyo, "saa nane mchana" inakuwa nyakati tatu.

Dawa yake ni herufi moja. Kila ukanda wa saa una herufi: Z ni Greenwich, A ni saa moja mbele, B ni mbili, C ni tatu. Amri huandikwa siku, saa, herufi, mwezi na mwaka bila kuachanisha siku na saa: 051630C NOV 24 ni tarehe 5 Novemba 2024, saa kumi na nusu jioni kwa saa za Nairobi na Dodoma. Askari wa Goma anaisoma 1530B. Katika operesheni ya pamoja huchaguliwa herufi moja kwa wote, huandikwa juu kabisa ya amri, na saa ya ukutani ya chumba cha operesheni huwekwa kwa herufi hiyo hata kama nje jua linasema vingine.

Kisha saa za mkononi husawazishwa mwishoni mwa kikao cha amri. Anayeongoza husema, "Baada ya dakika mbili itakuwa 1830 Bravo kamili" (Bravo ni herufi B inavyotamkwa), anatangaza sekunde 30, 10, kisha tano hadi moja, na "sasa." Kila kamanda anatamka saa yake kwa sauti. Zinachukuliwa kutoka kifaa cha setilaiti, kamwe si simu ya mkononi. Mtu aliye Bunagana, mpakani, simu yake ikishika mnara wa Uganda inaruka saa nzima mbele yenyewe, bila kumwambia mwenyewe.

Usidhani ni mambo ya majeshi machanga. Tarehe 19 Aprili 1961, katika uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe uliopangwa na Marekani, ndege za B-26 zilizotoka Nicaragua zilifika Cuba saa moja kabla ya ndege za manowari ya Essex zilizopaswa kuzilinda, kwa sababu ya mkanganyiko wa saa za nchi mbili. Mbili ziliangushwa, na Wamarekani wanne waliokuwamo wakafa.

Ninajiandaa kwa kozi ya ukamanda wa kombania. Nimesikia "kanuni ya theluthi" lakini sielewi inavyohesabiwa. Na kwa nini tunaambiwa haitoshi? (Msomaji, Morogoro)

Kanuni yenyewe ni fupi: kamanda atumie theluthi moja ya muda uliopo kupanga na kutoa amri, awaachie walio chini yake theluthi mbili. Ugumu uko kwenye neno "uliopo".

Chukua batalioni, ambayo chini yake kuna kombania, kisha platuni, kisha seksheni, iliyopokea kazi saa 1400, ivuke mstari wa kuanzia saa 0500 kesho yake. Wengi wanaona saa 15 na kugawa kwa tatu. Wamekosea. Hesabu kwa kurudi nyuma kwanza. Dakika 30 za kujipanga kabla ya mstari: tuko 0430. Mwendo wa kilomita 4 porini usiku, kwa kadirio la kilomita 1.6 kwa saa, ni saa mbili na nusu: tuko 0200. Kwa hiyo muda wa kujiandaa ni kuanzia 1400 hadi 0200, saa 12, hakuna zaidi.

Theluthi ya batalioni ni saa 4, amri itoke saa 1800. Zimebaki 8; theluthi ya kombania ni saa 2 na dakika 40, amri yake itoke 2040. Platuni inachukua dakika 107, inatoa amri kama 2227. Kiongozi wa seksheni anabaki na saa tatu na nusu: aeleze watu wake, agawe risasi na maji, wale, wafanye mazoezi ya namna ya kuvuka, wapumzike kidogo. Hapo kila ngazi imetii kanuni. Sasa fikiria kamanda wa batalioni anayetaka mpango usio na dosari akatoa amri saa 2200. Ngazi mbili zilizofuata zikichukua theluthi zao, seksheni inabaki na chini ya saa mbili. Zikichelewa kama yeye, inapewa chini ya nusu saa gizani. Betri za redio zinasahaulika, na anayejua njia anakuwa mmoja tu. Likitokea lolote njiani, hakuna anayeweza kugeuka, kwa kuwa hakuna aliyeelewa lengo, wameelewa tu pa kwenda. Uchelewaji wa juu hulipwa na wa chini kabisa, na hulipwa kwa damu.

Kwa nini haitoshi? Kwa sababu ya jua. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, na likishazama mwanga wa kutosha kuona unakwisha kwa dakika kama 20. Amri iliyotoka 1800 imetii theluthi, lakini kamanda wa kombania hana tena macho ya kutazama ardhi. Gawa mwanga kabla hujagawa saa. Katika mfano wetu, saa 1415 toa amri ya tahadhari, hata kama hujui mengi: kazi kwa sentensi moja, saa ya mapema kabisa ya kuondoka, mahali na saa ya kupokea amri kamili, vifaa visivyo vya kawaida vitakavyohitajika, na nani aende kutazama ardhi sasa hivi. Makamanda wa kombania waende mbele 1530, warudi 1730 na walichokiona. Wengine nyuma wanapakia, wanakula, wanasafisha silaha. Kazi zinakwenda sambamba, na muda ule ule unatumika mara mbili.

Njia nyingine ya kurefusha muda ni kuwa umeshaufanyia kazi kabla. Tarehe 13 Mei 1940 Guderian, jenerali wa vifaru wa Ujerumani, alipaswa kuvuka mto Meuse pale Sedan, Ufaransa, na hakuwa na nafasi ya kuandika amri mpya. Wasaidizi wake walichukua amri za mazoezi ya ramani yaliyofanyika Koblenz, wakabadilisha tarehe na saa: 1000 ikawa 1600. Upande wa pili wa mto, Jenerali Lafontaine wa Ufaransa alikuwa na akiba ya watembea kwa miguu na vifaru tangu jioni hiyo, akasubiri amri rasmi na maelezo zaidi. Shambulio lake likaanza karibu 0730 asubuhi ya tarehe 14, na kwenye kilima cha Bulson alikotaka kupita vifaru vya Ujerumani vilikuwa vimekwisha kufika. Mfaransa hakuwa mvivu. Jeshi lake lilifundishwa kwamba vita huendeshwa hatua kwa hatua, kila hatua ikiidhinishwa kutoka juu, na mwendo huo ulitengenezwa kwa vita vya 1918.

Wazungu husema sisi hatuna saa, tunakwenda na matukio: "baada ya mvua", "jogoo akiwika". Je, jeshi la watu wa namna hii linaweza kuwa jepesi? Tufuate "haraka haraka haina baraka" au "ngoja ngoja huumiza matumbo"? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yetu, kufuata tukio ni njia ya zamani na halali ya kupima wakati, na majeshi yote yanaitumia. "Mapambazuko" kwenye amri ni tukio. "Daraja likishavukwa" ni tukio. Anayedhani saa ya ukutani ndiyo akili ya kijeshi peke yake atazame mto Somme, tarehe 1 Julai 1916.

Siku ile kila kitu kilipangwa kwa saa. Askari watoke mahandakini 0730. Moto wa mizinga uhame kutoka mstari hadi mstari kwa ratiba iliyoandikwa. Shimo la baruti chini ya ngome ya Hawthorn, takriban tani 18, lililipuliwa 0720, dakika kumi kabla, na likawa kama kengele kwa Wajerumani. Kisha moto wa mizinga ukasonga mbele kwa ratiba wakati watu wamekwama kwenye waya wa miiba. Nyaya za simu zilikuwa zimekatika, na hapakuwa na wa kuurudisha. Mwisho wa siku jeshi la Uingereza lilikuwa na majeruhi na wafu 57,470, wafu wakiwa 19,240. Ratiba ilitimizwa, na vita vikaendelea bila kuifuata.

Lakini tukio bila saa nalo linaua. Ukiamuru "shambulieni daraja likivukwa" na daraja lisivukwe, kikosi cha pili kitakaa kikingoja hadi jua lichwe, kwa utiifu kabisa. Kwa hiyo sharti zuri huunganisha viwili na jina: "Kombania B isogee Kombania A ikivuka daraja. Ifikapo 0640 bila taarifa, kamanda wa Kombania B aamue mwenyewe, akijua lengo ni kuwazuia wasiimarishe kilima." Kuna tukio, kuna kikomo cha saa, kuna mwenye uamuzi, na kuna sababu ya kazi nzima. Tumeziona amri nyingi zenye viwili vya kwanza. Cha tatu ndicho huachwa, na hapo wepesi hukatika.

Methali zako mbili zote ni za kweli, ila kwa watu wawili tofauti. Ya kwanza mwambie anayetaka kuingia bila kutazama ardhi. Ya pili mwambie mkuu wake, mwenye amri mfukoni.

Ninafanya kazi makao makuu ya brigedi, na kutwa nzima ni vikao. Wakubwa wanasema ndiyo mdundo wa kazi na hauwezi kuguswa. Mimi naona unatuchelewesha. Nani yuko sahihi? (Msomaji, ameomba asitajwe mahali)

Nyote wawili, kwa sehemu. Mdundo unahitajika, kwa sababu bila saa maalumu ya kukutana, mizinga, chakula, tiba na upelelezi kila mmoja atafanya kazi kwa kalenda yake. Kasoro iko kwenye umri wa habari zinazoletwa kikaoni. Fuata ripoti moja kutoka chini. Divisheni ina kikao 1900, inataka ripoti 1800. Brigedi inaitaka 1630 ipate muda wa kuipamba. Batalioni 1500. Kombania 1330. Kiongozi wa platuni aliandika 1300. Kwa hiyo kamanda wa divisheni akiangalia ramani nzuri jioni, anaangalia mchana.

Fanyeni hivi. Kila kikao kijieleze kwa maswali manne: kinaingiza nini, kinatoa nini, nani anaamua, na kikao gani kinasubiri jibu lake. Kisichojibu la tatu kigeuzwe kuwa waraka wa ukurasa mmoja. Hesabu pia saa za kuandaa picha za kuonyesha, zinazokula maofisa wawili nusu siku na hazionekani kwenye ratiba yoyote. Kisha muwe na orodha fupi ukutani ya mambo ya kumwamshia kamanda: matano au sita, yasizidi. Jambo la orodha hiyo halingoji kikao, linapita ngazi zote kwa redio mara moja.

Orodha hiyo si anasa. Alfajiri ya tarehe 6 Juni 1944 makamanda wa Ujerumani waliokuwa Ufaransa waliomba divisheni mbili za vifaru, ya 12 ya SS na ile ya Panzer Lehr, ziende Normandy, ambako adui alikuwa akishuka pwani. Jodl, mkuu wa operesheni katika makao makuu ya Hitler, alikataa kuziachia bila ruhusa ya Hitler, aliyekuwa bado amelala. Ruhusa ilikuja alasiri.

Pale ambapo mzunguko mrefu haukwepeki, acheni nafasi ndani yake. Mwaka 1991 katika Vita vya Ghuba, amri ya safari za ndege kwa siku moja ilianza kuandaliwa siku mbili hadi tatu kabla, ilikuwa na mamia ya kurasa, na manowari za kubeba ndege zilipelekewa nakala kwa ndege kwa sababu mitambo yao haikuweza kuipokea. Hata hivyo sehemu ya ndege zilirushwa bila shabaha ya kudumu, zikapewa miraba ya ramani na waongozaji walioko angani. Ratiba ilisema nani awe wapi na lini. Cha kupiga kiliamuliwa dakika ile ile.

Swali fupi. Kwa nini amri husema 2359 au 0001, na kukwepa 2400? (Msomaji, Kigali)

Kwa sababu 2400 ya tarehe 5 ni ile ile 0000 ya tarehe 6. Ukiandika "lindeni daraja hadi usiku wa manane tarehe 6", mmoja ataondoka siku nzima kabla ya mwenzake, na wote wawili watakuwa wametii. Andika 052359B au 060001B, na zamu ya kupokezana daraja ipishane kwa dakika 30 ili asiwepo anayeondoka kabla mwenzake hajaonekana kwa macho.